Usimwajiri mtaalamu wa tiba ya usemi akiwa peke yake: kwa nini hospitali zetu zinawapata kwa shida na kuwapoteza upesi

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Mjumbe mmoja akasema wataalamu wa tiba ya usemi na lugha "hawakai, wanakimbilia hela". Kikaoni nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni. Hapa sinyamazi. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, nimesomea Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nimefanya serikalini na hospitali binafsi. Wenzangu walioacha nawajua mmoja mmoja, wengine niliwasaidia kufunga mizigo.

Kwanza kwa asiyeijua kazi yetu. Wengi wanadhani tunafundisha watoto kuongea, basi. Watoto wapo kweli, wenye kigugumizi wapo, waliozaliwa na kaakaa lililopasuka wapo. Ila ukiingia wodi yenye wagonjwa wa kiharusi asubuhi, jambo la kwanza ni kumeza. Mzee amelazwa siku ya pili, binti yake kaja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Anamlisha kijiko cha kwanza, cha pili. Mzee anakohoa kidogo, macho yanalengwa na machozi, halafu akisema neno, sauti inatoka kama ya mtu mwenye maji kooni. Ndugu wanasema amepaliwa tu. Siku ya nne ana homa, kifua kimejaa, na kwenye faili inaandikwa nimonia.

Nikifika mapema, nachomoa mpini wa bomba la sindano la mililita 10, naziba tundu kwa kidole, namimina ule uji mpaka mstari wa 10, naachia kidole, nahesabu sekunde kumi, naziba tena. Ukibaki chini ya mililita moja, uji huo unakimbia kama maji na koo la mzee huyu haliwezi kuuwahi. Zikibaki kati ya 4 na 8, tunaweza kumkalisha wima na kujaribu kijiko kimoja cha chai, mkono wangu ukiwa kwenye koromeo lake. Kipimo hicho ni cha kimataifa, na gharama yake ni bei ya bomba la sindano. Kinachohitajika ni mtu anayejua asubuhi hiyo amtazame nani na atazame nini.

Watu hao ni wachache mno kwetu. Shahada ya kwanza ya fani hii Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka 2008. Kabla ya hapo ulikuwa lazima usafiri mbali kuisomea, au hospitali imsubiri mgeni wa kujitolea aje miaka miwili kisha arudi kwao. Hapa Tanzania MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, nao wana shahada inayounganisha masikio na usemi. Kwa hiyo darasa lenyewe ni changa, na anapoondoka mmoja, mkoa mzima unaweza kubaki bila mtu.

Sasa niwape kisa cha mdogo wangu wa kazi. Simtaji jina wala hospitali.

Aliajiriwa akiwa mmoja. Alifika na begi la vifaa alivyonunua mwenyewe: vijiko vya ukubwa tofauti, kioo kidogo cha mkononi, picha alizochora kwa kalamu za rangi, kwa sababu picha za vitabu vya nje zina theluji na mashine za kufulia ambazo bibi wa kijijini hazijui. Mwezi wa kwanza hakuna daktari aliyemtumia mgonjwa. Mwezi wa pili akaambiwa, kwa kuwa hana kazi nyingi, asaidie dirisha la kadi. Mwezi wa tatu chumba chake kikawekwa maboksi ya dawa. Tathmini ya utendaji ilipofika, fomu haikuwa na malengo yanayohusu kazi yake, mkuu wake akamjazia malengo ya fiziotherapia. Alikaa mwaka na miezi minne.

Siku anaondoka tulikunywa chai pale kwa mama muuza vitumbua, nje ya geti. Nikamuuliza shule binafsi anayokwenda wanampa kiasi gani. Kilizidi, lakini kwa kidogo sana, na nauli ya kila siku ingekula tofauti hiyo. Akaniambia: "Dada, kule wapo wawili tayari. Nikikwama na mtoto, kuna mtu wa kumuuliza."

Ndiyo maana nimeandika uzi huu. Mshahara una uzito, na atakayeniambia posho hazijalishi simwamini. Lakini wale niliowaona wakiondoka, wengi walichoka upweke kwanza, hela ikafuata. Hospitali inayotaka kumbakiza mtaalamu wa usemi isimwajiri akiwa peke yake.

---

Muuguzi wa zamu

Dada umenigusa. Wodini kwetu alikuwepo mmoja, alipoondoka tukarudi kulekule: mgonjwa wa kiharusi ama anawekewa mpira wa kulishia puani hata kama angeweza kumeza, ama ndugu wanalisha kwa kubahatisha. Swali langu: sisi wauguzi hatuwezi kufundishwa hicho kipimo, kuliko kusubiri mtu ambaye haji?

---

Mwanzisha uzi

Mnaweza, na inabidi mfundishwe. Muuguzi ndiye yupo saa nane usiku mgonjwa anapoletwa. Uchunguzi wa awali wa kumeza, wa maji kidogo kidogo huku unasikiliza sauti na kikohozi, muuguzi aliyefunzwa anaufanya vizuri. Akiona mashaka anazuia chakula na kuniita.

Lakini nimeshuhudia pia uongozi ukisema, "wauguzi wameshafundishwa, huyu wa nini tena?" Uchunguzi wa awali unakuambia kuna shaka. Haukuambii tatizo liko kwenye ulimi, kwenye kaakaa laini au kwenye koromeo, wala mgonjwa afanye zoezi gani ili mwezi ujao ale ugali.

Kuna jambo nimeliona kwenye kazi, na wenzangu wapya huwa hawaliamini mpaka wajaribu. Mtaalamu akiwafundisha wauguzi wodi mbili tatu katika miezi yake ya kwanza, hachukuliwi kwenda dirisha la kadi. Anaanza kuitwa, na asubuhi anaingia kazini akijua kuna kitanda kinamsubiri.

---

Katibu afya

Mwanzisha uzi, nakuheshimu, ila niseme upande wa pili maana ndio kazi yangu. Mimi naandaa makisio ya ikama, yaani idadi na aina ya watumishi wanaoruhusiwa hospitalini, kila mwaka. Tukipewa kibali cha watu watano, mganga mfawidhi ataniambia wauguzi watatu, mteknolojia wa maabara mmoja, mfamasia mmoja, na hakosei, kwa sababu wodi ya wazazi ina muuguzi mmoja usiku. Halafu unakuja wewe unasema tusiajiri mmoja, tuajiri wawili. Na pale ambapo kada yenyewe haimo kwenye ikama ya hospitali, nitamwombea kibali kwa jina gani? Nikimweka chini ya kada nyingine, miaka minne mbele hapandi daraja, ananililia mimi.

---

Mwanzisha uzi

Mkuu, asante kwa kusema wazi. Ulichosema kuhusu kada ndiyo mzizi wa mambo mengi. Mtu aliyeajiriwa kwa cheo cha kuazima anajua tangu siku ya kwanza kwamba ngazi yake haina vipandio. Hilo halitatuliwi na hospitali moja, linatatuliwa wizarani na utumishi, na chama cha wataalamu kinapaswa kulifuatilia kwa barua mpaka kieleweke.

Kuhusu wawili, niruhusu nifafanue. Sisemi wawili kila hospitali. Nasema kama kanda ina nafasi nne kwa hospitali nne, usizitawanye moja moja. Weka wawili pamoja, wawili pamoja, halafu watoke kwa ratiba: Jumanne mmoja yuko hospitali jirani, Alhamisi mwenzake yuko shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Mgonjwa wa hospitali jirani anapata huduma mara moja kwa wiki kwa miaka mingi, badala ya kila siku kwa mwaka mmoja na baada ya hapo hapati kabisa.

Na hesabu yako ya kibali naielewa. Ndiyo maana nawaambia wapya: fungua daftari lako mwenyewe siku ya kwanza. Andika wangapi wameletwa, wangapi walikuwa na mpira puani ukatolewa, siku ngapi walilala. Katibu afya akija na swali, apewe daftari, asipewe malalamiko.

Hela inavyolipwa nayo ina nguvu kuliko tunavyokiri. Marekani kuna mfano mkubwa. Vituo vya uuguzi wa wazee vilikuwa vinalipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, kwa kufuata dakika za tiba ambazo mgonjwa amepewa, kwa hiyo mtaalamu alikuwa chanzo cha mapato na dakika zake zilihesabiwa kwa ukali. Tarehe 1 Oktoba 2019 mfumo ukabadilika, malipo yakafuata hali ya mgonjwa: ana tatizo la kumeza? anakula chakula kilicholainishwa? akili imeathirika? Muda mfupi baadaye wataalamu wengi wa tiba walipunguziwa saa au kuachishwa kazi, ilhali wagonjwa hawakuwa wamebadilika. Na sisi tunavyoelekea bima ya afya kwa wote, huduma isiyokuwa na mstari wake kwenye orodha ya malipo, hospitali itaiona kama mzigo. Naomba wanaokaa kwenye vikao hivyo walikumbuke hilo.

---

Mama wa mtoto wa kipandikizi

Mimi ni mzazi, siyo mtaalamu. Mwanangu aliwekewa kipandikizi cha sikio, kifaa cha kumsaidia kusikia, namshukuru Mungu na madaktari. Tuliambiwa wazi kwamba kifaa peke yake hakitamfanya aongee, mazoezi ndiyo yatakayofanya. Nyumbani ni mkoani. Tangu tuanze kliniki ya huku amebadilishiwa mtaalamu mara tatu, na sasa hayupo kabisa. Kila anayekuja anaanza upya: anamwonyesha ngoma, anapiga, anamsubirisha ageuke. Mwanangu alishavuka huko, alikuwa anasema "maji" na "mama njoo". Nikiwaambia, wanasema hawakuachiwa maandishi.

---

Mwanzisha uzi

Mama, pole sana. Nimesoma ulichoandika mara mbili.

Wasiojua: Muhimbili walianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wetu walipelekwa nje, India hasa, kwa gharama kubwa. Kufanyika hapa nyumbani ni hatua kubwa. Lakini upasuaji ni saa chache, kujifunza kusikia ni miaka. Mtoto anajifunza kwamba mlio ule una maana, kisha kwamba "pa" na "ba" zinatofautiana, kisha neno, kisha sentensi. Mtaalamu akiondoka katikati, mtoto ndiye anayelipa.

Mama, nunua daftari la kaunta. Kila kliniki mwombe mtaalamu aandike mistari mitatu: leo tumefanya nini, ameweza nini, nyumbani mfanye nini. Likae kwako, lisikae hospitali. Na usisubiri kliniki: maneno ya jikoni yanatosha kuanzia. Ukimwaga maji, sema "maji" kabla hajayaona, akusikie kwanza ndipo aone. Mfanye hivyo kila siku muda uleule. Niandikie faragha nikuelekeze zaidi.

Na kwa wakuu wa vitengo: makabidhiano ya maandishi mtu anapoondoka yawe lazima kama makabidhiano ya funguo.

---

Jirani wa Kenya

Huku kwetu afya ilishuka kwa kaunti kuanzia 2013, na bodi ya kila kaunti ndiyo inaajiri. Uzuri ni kwamba kaunti ikiamua inaweza kuandika mtu bila kungoja Nairobi. Ubaya ni kwamba isipoamua hakuna wa kuisukuma, na wataalamu wengi wa usemi wanabaki Nairobi kwa kliniki za kibinafsi na shule. Nilijaribu hospitali ya kaunti kwa kandarasi ya miezi sita sita. Mshahara ukichelewa miezi mitatu huwezi lipa nyumba kwa uzalendo. Nilitoka.

---

Niliyeko Uingereza

Natoka Uganda, niko huku mwaka wa tatu. Nimesoma uzi wote nikitikisa kichwa. Kweli nilifuata maslahi, sitawadanganya. Lakini ngoja niwaambie wiki yangu ya kwanza huku ilivyokuwa. Nilikabidhiwa kwa mtaalamu mwandamizi, nikapewa kitabu cha malengo ya kutimiza mmoja mmoja huku ananisimamia, na kila wiki tulikaa saa nzima mlango umefungwa tunazungumzia wagonjwa wangu walionishinda. Nyumbani nilifanya miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza mgonjwa gani amenishinda. Na hata huku nafasi zinakaa wazi, msidhani wametosheka.

---

Mwanzisha uzi

Dada, umesema kwa niaba ya wengi. Marekani nao hawamwachii mhitimu mpya peke yake: baada ya shahada ya uzamili anafanya kazi chini ya msimamizi kwa wiki zisizopungua 36, saa 1,260, ndipo apate cheti kamili cha chama chao. Nchi zenye wataalamu wengi ndizo zinazomshika mkono mpya. Sisi wenye wachache tunamtupa mkoani na begi lake.

Kuna aliyeniuliza inbox kwa nini tusiwalazimishe wahitimu kwenda mikoani. Afrika Kusini wamefanya. Tangu 2003 wataalamu wa usemi wanatakiwa wahudumu mwaka mmoja hospitali za umma kabla hawajajitegemea. Ilisaidia: hospitali za mashambani ambazo hazikuwahi kumwona mtu wa fani hii zikampata. Ila mwaka ukiisha wengi huondoka, na anayefuata anaanza upya, yaleyale aliyosema Mama hapo juu. Tukiiga, tuige na usimamizi ndani yake, au tutakuwa tunazungusha vijana tu.

Mimi naamini zaidi katika kuchagua nani anaingia darasani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya kubakiza watumishi vijijini, ya 2010 na iliyoboreshwa 2021, inataja jambo hili mapema kabisa: chukua wanafunzi waliokulia huko unakotaka watumikie. Kwa fani yetu kuna sababu moja zaidi, ambayo ni lugha.

Nilikuwa kanda ya ziwa. Bibi mmoja alipata kiharusi, akawa anaongea mfululizo, kwa lafudhi nzuri kabisa, mikono inaenda, anacheka. Daktari kijana kutoka mbali akaandika kwamba bibi amerudia Kisukuma, kwa hiyo mawasiliano yapo. Mimi nami sijui Kisukuma. Muuguzi msaidizi, mtu wa hapo hapo, akasimama mlangoni akasikiliza, kisha akaniambia taratibu: "Hiki siyo Kisukuma. Ni milio ya Kisukuma, maneno hayapo." Bibi alikuwa amepoteza maneno na hakujua kwamba ameyapoteza. Mpango wote wa tiba ukabadilika kwa sentensi moja ya mtu aliyezaliwa pale.

Tangu siku hiyo, kijana wa Shinyanga au wa Lindi akiniambia anataka fani hii, naacha ninachofanya nizungumze naye. Wengi hawaijui. Wanapangiwa baada ya kukosa udaktari na wanaingia darasani wakiwa na uchungu. Wahitimu twende shule za sekondari, turudi hata zile tulizosoma. Mwanafunzi mmoja akiona mzee asiyeweza kutaja jina la mkewe akihesabu moja mpaka kumi bila kukwama, kwa sababu maneno ya mazoea hupita njia nyingine kichwani, hatasahau.

---

Katibu afya

Nimerudi. Nimesoma kuhusu kuwaweka wawili pamoja na kuwatoa kwa ratiba, nimelitafakari. Sisi na hospitali ya wilaya jirani tunaweza kuandika maombi ya pamoja, kila mmoja nafasi moja, kituo kikuu kwetu. Siahidi kibali. Nipe vitu vya kuandika kwenye uhalali wa maombi, kwa lugha ya kwetu, siyo ya kitaalamu.

---

Mwanzisha uzi

Mkuu, Mungu akubariki. Chukua faili za kiharusi za miezi mitatu iliyopita. Hesabu wangapi walipata nimonia baada ya kulazwa, walilala siku ngapi zaidi ya wengine na walitumia dawa kiasi gani. Hiyo ni hela yenu, tayari mnaitumia. Pili, kaulize kliniki ya watoto wangapi waliandikiwa rufaa kwenda Dar kwa ajili ya usemi, na wangapi walifika kweli. Tatu, andika chumba: kidogo, kimya, chenye mlango unaofungwa, mbali na jenereta. Kiandike kwenye maombi yenyewe, kwa sababu kisipoandikwa kitajaa maboksi.

Kwenye maelezo ya kazi weka kwamba saa mbili kwa wiki ni za wao wawili kukaa na kujadili wagonjwa, na mara moja kwa mwezi wazungumze kwa simu na mwandamizi. Mwandamizi huyo niandike mimi, nitafanya bila malipo mwaka wa kwanza. Wakija watarajali, waanzie kwa hao wawili.

Muuguzi wa zamu, kama uko karibu na huko, nawe niandikie. Nataka wakifika wakute wodi ambayo tayari inajua kusikiliza sauti yenye maji.

Kesho niko kliniki mpaka jioni, nitajibu wengine usiku.